Mkuu Aliyesaga Kila Kidonge

Mkuu wa maabara yetu alikuwa na mikono safi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na katika miaka kumi na minne niliyofanya kazi chini yake sikumpenda hata siku moja. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nimebadilika pale nitakapolazimika kumsifu. Alikuwa na mambo mawili matatu mazuri. Nitayataja, kwa kuwa ni ya kweli, na kwa kuwa hayo hayo ndiyo yaliyomfanya awe mtu wa hatari.

Maabara ilikuwa Mbaraki, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya malori. Waagizaji wa dawa, zahanati na wenye maduka walituletea vidonge, dawa za maji na marhamu, nasi tukawaambia kama kilichoandikwa kwenye kopo ndicho kilichomo ndani. Tulikuwa watu sita. Watano tulifanya kazi. Wa sita alikuwa Mkuu.

Aliingia saa mbili kasoro dakika tano, akitanguliwa na harufu ya udi. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akanawa kwa sabuni mara tatu mpaka kwenye viwiko, akavaa koti jeupe lililopigwa pasi hata kola ikasimama. Kisha akaketi kwenye kiti chake kirefu, akavuta kinu kidogo cha kaure alichokuja nacho kutoka ng'ambo, na akaanza kusaga.

Alisaga kila kitu. Kidonge kilikuwa hakijafika mezani barabara, kishakuwa unga. Hakukitazama rangi, hakukinusa, hakukigonga kwa ukucha kama tulivyofundishwa chuoni. "Saga kwanza, uliza baadaye," ndiyo ilikuwa kauli yake, na alipoitamka aliinua mchi kama mtu anayeapa. Nyingine ilikuwa hii: "Kidonge kizima ni kama shahidi aliyefumba mdomo. Mvunje, atasema." Mwaka wa kwanza niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu. Mwaka wa tatu tulikuwa tukiyaigiza jikoni, tukishika kijiko cha chai badala ya mchi.

Baada ya kusaga alikausha. Unga ulitiwa kwenye tanuri dogo la umeme na kuachwa humo mpaka unyevu wote umetoka, ndipo upimwe. "Hewa ya kisiwa hiki ina maji," alisema. "Mimi nimeajiriwa kupima dawa, sikuajiriwa kupima bahari." Aliona ni maneno ya akili sana. Wageni nao waliona hivyo, wakacheka, naye akawaonyesha tanuri.

Alikuwa amesoma miezi kumi na moja katika nchi ya baridi. Kwa namna alivyoitaja ungedhani alizaliwa huko na kuja Mombasa kwa bahati mbaya. Jioni, baada ya sala ya Alasiri, alikaa barazani karibu na kwao, Mji wa Kale, akinywa kahawa na wazee wenziwe na kuwaeleza jinsi theluji inavyoanguka. Mimi nilikua mtaa huo huo, kwa hiyo hata nikimaliza kazi sikupumzika naye. Nilipita na mfuko wangu wa mboga, nikasalimu, naye akaniitikia kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Huyu mwanafunzi wangu. Mwenye bidii, ila ana haraka." Wazee wakatikisa vichwa, wakinisikitikia haraka yangu.

Alisahihisha watu. Alimsahihisha muuza kahawa kwa kusema "glasi" badala ya "bilauri". Alimsahihisha khatibu wa Ijumaa, mlangoni mwa msikiti, watu wakivaa viatu. Alimsahihisha marehemu mamangu, siku aliyokuja kazini kuniletea ufunguo, kwa kutamka jina la dawa yake ya presha kwa namna iliyokuwa ikimtosha yeye na duka la dawa kwa miaka ishirini. Mama akafunga ushungi vizuri, akashuka ngazi. Jioni aliniuliza, "Yule bwana ana mke?" Nikamwambia anaye. "Maskini," akasema mama, wala hatukulizungumza tena.

Sasa yale mazuri.

Hakuhongeka. Mwagizaji mmoja, mtu mwenye magodauni kule Makupa, alipata kumpelekea nyumbani kapu la tende, bakuli la halua na kanzu mbili za hariri, wiki ile ile sampuli yake ilipokuwa mezani kwetu. Mkuu alilibeba kapu lile mwenyewe, kwa miguu, mchana wa jua kali, akapita nalo mitaa mizima ya Mji wa Kale watu wakimtazama, akalitua juu ya kaunta ya yule bwana na kumwambia mbele ya wateja wake, "Umesahau kitu chako nyumbani kwangu." Sampuli ilifeli, naye akaitia saini kwa mkono usiotetemeka. Kisa hicho ni cha kweli. Nilikiona kwa macho yangu, na siku ile, lazima nikiri, nilijisikia fahari kufanya kazi mahali pale.

Tena alinifundisha kupima uzani. Alisimama nyuma yangu wiki nzima mpaka nikajua kushusha pumzi kabla ya kufungua kidirisha cha mizani. Hata leo nikipima nasikia, "Pole pole, mwanangu, mizani haina haraka." Alikuwa mwalimu hodari wa jambo lile moja alilolijua.

Ubaya ni kwamba, kwa kuwa hakuhongeka, alidhani pia hakosei. Mambo hayo mawili kwake yalikuwa kitu kimoja. Ukimwambia amekosea alikutazama kwa masikitiko, kana kwamba umemwambia amekula rushwa.

Ile mashine ya mwanga ililetwa na wageni, mama mmoja mwenye nywele za mvi na vijana wake wawili. Ni chombo cha kushika mkononi, ukubwa wake kama tofali. Unakilenga kidonge kikiwa kizima, hata kikiwa ndani ya plastiki yake, unabonyeza, na mwanga mwembamba mwekundu unakipiga. Sehemu ndogo ya mwanga ule hurudi imebadilika, na kwenye kioo huchorwa mstari wenye vilele na mabonde. Kila dawa ina mstari wake, kama kila mtu alivyo na mwandiko wake.

Yule mama alitufundisha alasiri moja tu, lakini jambo moja alilolisema lilinikaa. Alisema dawa ile ile, isiyopungua wala kuongezwa kitu, inaweza kujipanga ndani ya kidonge kwa maumbo mbalimbali ya fuwele, zile chembe kama za chumvi au sukari. Nilimwelewa mara moja kwa sababu ya halua. Halua nzuri ni laini, inateleza. Ukiiweka vibaya siku nyingi hushika sukari, ikawa chenga chenga, ukiitafuna kama mchanga. Hakuna aliyeongeza sukari. Ni sukari ile ile, imejipanga upya. Kwa halua hasara ni ulimi tu. Kwa dawa, umbo moja huyeyuka tumboni na kuingia mwilini, na umbo jingine hukaa kama jiwe mpaka litoke lilivyoingia.

"Na ukisaga?" nilimwuliza.

"Ukisaga unaweza kulibadilisha umbo," alisema. "Na ukikausha, zaidi, kwa kuwa kuna umbo linaloshika maji ya hewa. Ndiyo maana tunataka kukitazama kikiwa kizima."

Mkuu alikuwa amesimama palepale. Alitabasamu, akatoa hotuba ya shukrani, akapigwa picha ameishika mashine kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Wageni walipoondoka aliirudisha kwenye boksi lake, akaliweka boksi juu ya kabati, akalifunika kwa kitambaa cha kufuma alichokileta kutoka nyumbani, na juu yake akaweka jagi lenye maua ya plastiki. Likakaa hivyo miaka miwili. Kulikuwa pia na chombo cha kupimia jinsi kidonge kinavyoyeyuka majini, lakini mota yake iliungua zamani na Mkuu hakuona haja ya kuitengeneza. "Kama dawa imo, imo," alisema.

Ndipo ikaja habari ya Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa jirani yangu, milango miwili kutoka kwetu. Fundi wa kudarizi, mwenye kushona nguo za maharusi, mkono wake unajulikana mpaka Lamu. Tangu utotoni alikuwa na kifafa, kisha zahanati ikampatia dawa iliyomfaa, vidonge vyeupe vya kumeza asubuhi na usiku, na kwa miaka saba hakuanguka. Miaka saba ni mingi. Alikuwa ameanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Alikuwa amechumbiwa.

Asubuhi moja alikuwa akikaanga mahamri na mamake, Bi Zena. Akaanguka bila kutoa sauti, na mkono wa kulia, mkono wa sindano, ukaingia kwenye karai la mafuta.

Nilifika pamoja na majirani wengine. Siyaelezi niliyoyaona. Nitasema tu kwamba Bi Zena alimtoa mkono ule kwa mikono yake mwenyewe, na yeye pia akaungua, wala hakujijua mpaka Adhuhuri.

Wiki ile Mwanaidi akaanguka tena mara mbili, akiwa wodini. Akarudi nyumbani, akaanguka tena. Jioni moja Bi Zena alikuja kwangu, viganja vimefungwa bendeji, akiwa na bilauri ya maji. Chini ya maji kulikuwa na kidonge.

"Mwanangu, vidonge hivi si vyenyewe," akasema. "Kale nikikitia majini hufumuka papo hapo, kabla sijamwita. Hiki nimekitia tangu alfajiri. Kitazame."

Nilikitazama. Kilikuwa kimekaa pale kama punje ya haragwe.

"Anavimeza vyote, Bi Zena?"

"Mimi humpa kwa mkono wangu. N'nangoja ameze, n'namwambia fungua kinywa. Yuwameza." Akatoa bahasha mbili za karatasi. "Hivi ni vya kopo jipya. Na hivi ni vya mwaka jana, vilibaki. Sikuvitupa. Vya kale vilikuwa laini, hivi vipya vigumu. Mimi si msomi, lakini kigumu na laini n'navijua."

Siku ya pili niliandikisha vile vipya kama sampuli, kwa utaratibu, nikibakiza vichache kwenye bahasha, na kumweleza Mkuu habari yote: mkono, karai, bilauri. Alinisikiliza huku akinawa. Kisha akamimina vidonge kwenye kinu, na kabla sijamaliza sentensi yangu vilikuwa unga. Nakumbuka vilikataa kuvunjika. Alilazimika kusimama na kuegemea mchi kwa uzito wake wote, jasho likamtoka kwenye kipaji cha uso, na hilo lenyewe halikumwambia kitu.

"Mkuu, tungekitazama kimoja kizima," nilisema. "Kwa ile mashine."

"Ile mashine ni ya maonyesho, mwanangu. Hapa tunafanya kazi."

Akasaga, akakausha, akapima. Dawa ilikuwamo, kiasi kamili, safi, haikupungua. Akaandika neno "Inafaa", akatia saini yake yenye mkia mrefu.

Bi Zena alikuja mwenyewe kuchukua jibu. Alipanda ngazi zile za ghorofa mbili na mikono yake ile, akasimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Nilimpa kiti. Mkuu alibaki kwenye kiti chake kirefu, kwa hiyo ilimbidi mama yule amtazame juu.

"Dawa ni nzima," akamwambia. "Mwanao hamezi."

"Yuwameza, bwana. Mimi ndiye n'nayempa."

"Basi anatema ukigeuka. Wasichana wana hila. Amechumbiwa, nimesikia? Huenda hataki."

Bi Zena akainuka. Akaitoa bilauri mkobani, ikiwa tupu, akaiweka mezani. "Nipe maji kidogo," akasema, "nikuonyeshe."

"Bi mkubwa," Mkuu akasema, na akacheka, akatutazama sisi watano ili tucheke naye. "Hapa si jikoni."

Mmoja wetu alicheka. Simtaji, kwa kuwa amejuta kunizidi. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu, na hilo nimelibeba. Bi Zena akaichukua bilauri yake, akasema, "Haya, baba, ahsante," akashuka. Nilisikia nyayo zake zikisita kwenye kila kidato cha ngazi kwa sababu hakuweza kushika ukuta.

Ijumaa ile Mkuu alipokwenda msikitini nilipanda juu ya kiti, nikaondoa jagi la maua, nikaondoa kitambaa, nikafungua boksi. Betri ilikuwa imekufa. Nilikaa nikiichaji, nikihesabu rakaa kichwani. Ilipowaka nilianza na kidonge cha kale, kile laini. Mstari ukajichora. Kisha nikachukua kipya, kizima, kigumu, nikabonyeza.

Mstari ulikuwa mwingine. Haukuwa mwingine kabisa, ungejua ni ndugu, lakini vilele viwili vilikuwa vimehama, na kimoja kilichokuwa kirefu kilikuwa kimezama. Nikarudia mara tatu. Nikapima kingine, na kingine. Vyote sawa. Maji ya hewa yalikuwa yameingia kwenye fuwele na kuzipanga upya, na dawa ile ilikuwa imegeuka mawe madogo mazuri meupe.

Kisha nikafanya jambo alilokuwa akilifanya yeye. Nikasaga kipya kimoja, nikautia unga kwenye tanuri, nikangoja, nikautoa, nikaupima. Mstari ulikuwa umerudi. Haukuwa sawasawa na wa kale, lakini ulielekea huko kiasi cha kumridhisha mtu asiyetaka kujua. Niliketi. Miaka yote ile alikuwa akifuta ushahidi kwa mikono safi, kisha akiandika kwamba hakuna ushahidi.

Aliporudi nilimwekea mezani karatasi tatu nilizochora mistari ile na kumweleza, kwa adabu, nikitumia maneno yake mwenyewe kila nilipoweza. Hakuzitazama. Alikuwa akitazama juu ya kabati.

"Nani amefungua boksi?"

"Mimi, Mkuu. Lakini tazama mistari."

"Bila ruhusa yangu."

"Mkuu, yule binti ameungua mkono."

"Nakuuliza habari ya boksi," akasema.

Akaniandikia barua ya onyo. Ilikuwa na aya nne na ndani yake hamkuwa na neno "kidonge". Tangu siku ile nikaondolewa kwenye mizani nikapelekwa kuosha vyombo.

Nilizichukua nakala za karatasi zangu nikaenda nazo zahanati alikotibiwa Mwanaidi. Mtoa dawa pale alikuwa Bwana Kazungu, mtu wa Kaloleni, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilitegemea nitalazimika kumbembeleza. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Wewe ni wa nne."

"Wa nne kufanya nini?"

"Kuja kuniambia. Kuna mzee wa Majengo, kuna mtoto wa shule, kuna dereva, huyo Mungu alimsaidia, gari lilikuwa limesimama. Wote walikuwa wazima, wote wameanza kuanguka, wote wa makopo haya haya. Niliwaletea nyinyi sampuli mwezi uliopita. Mlinijibu inafaa."

Akanionyesha saini. Mkia ule ule mrefu.

Tulikwenda pamoja kuyaona makopo yalikohifadhiwa kabla ya kugawiwa. Lilikuwa godauni karibu na Kibarani, paa la mabati, halina hata dirisha moja. Ukutani maji yalikuwa yakitiririka kama jasho. Makopo makubwa yalikuwa yamefunguliwa ili dawa igawanywe, kisha yakafunikwa kwa vipande vya plastiki. Kazungu alitia mkono, akatoa kidonge, akakiangusha sakafuni. Kilidunda, hakikuvunjika. Akakiokota, akakiangusha tena. Alikuwa Mkristo mtu wa kanisa sana, na nadhani alikuwa akijizuia asitukane.

Siku ile ile aliondoa makopo yote kwenye zahanati yake, akawaita wagonjwa mmoja mmoja kuwabadilishia, akaandika kwa wakubwa. Mimi nikaambatisha karatasi zangu na jina langu. Vidonge vikapelekwa mbali kwenye mitambo mikubwa kuliko yetu, na jibu lilipokuja lilikuwa lile lile, kwa maneno marefu zaidi. Mwanaidi akapewa vidonge vipya vilivyofungwa kila kimoja peke yake. Hakuanguka tena. Uchumba ulikuwa umeshavunjika.

Na Mkuu? Nilidhani ataona haya. Nilikuwa bado sijamfahamu. Ripoti ya maabara yetu ilitakiwa, naye akaiandika, na juu kabisa akaandika kwamba "maabara, chini ya uongozi wangu, ilitambua umbo la fuwele ndani ya vidonge vizima." Akasaini. Mashine ikashushwa kabatini, ikatengewa meza yake, na kitambaa cha kufuma kikatandikwa chini yake. Nikarudishwa kwenye mizani bila barua yoyote. Asubuhi ile alinipita, akasema, "Unaona, mwanangu? Subira." Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani, na nina hakika naye hakujua.

Kwa Bi Zena hakwenda. Nyumba zao zilitenganishwa na kichochoro kimoja, na mara mbili nilimwambia aende, japo kwa dakika tano. Mara ya kwanza akasema ana wageni. Mara ya pili akasema, "Kwenda ni kukiri, na maabara haiwezi kukiri." Hapo nilimwuliza kama maabara ndiyo iliyomcheka yule mama. Akasema nina haraka.

Alistaafu. Akafanyiwa karamu, akapewa saa ya ukutani. Mimi nilihamia kazi nyingine, na kwa miaka nikawa simwoni isipokuwa barazani, akizidi kukonda, macho yakianza kuingia ukungu.

Mara ya mwisho kukaa naye chumba kimoja ilikuwa mwaka jana. Vijana waliokuwa wakimaliza masomo ya ufamasia waliandaliwa kongamano la siku moja katika ukumbi karibu na Makadara, mada ikiwa ni uhifadhi wa dawa katika joto la pwani. Mimi nilialikwa kuonyesha mashine. Mgeni wa heshima alikuwa yeye.

Akapanda jukwaani na bakora, akishikwa mkono. Koti jeupe alikuwa nalo, limepigwa pasi. Akawaeleza vijana kisa cha vidonge vigumu. Alikieleza vizuri, alikuwa msemaji, na nusu ya kwanza niliisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mji asioujua. Alisema "tulishuku". Alisema "nikawaambia vijana wangu, hiki tusikiguse, tukitazame kikiwa kizima." Vijana walikuwa wakiandika.

Nikainua mkono. Sikuwa nimepanga. Aliyeongoza kikao akanipa nafasi.

"Samahani, Mkuu," nikasema. "Kidonge cha kwanza ulikifanya nini?"

Macho yake hayakuweza kuniona pale nilipokaa, lakini sauti aliijua. Watu wakaanza kugeuka.

"Nilikisaga," akasema.

"Kisha?"

"Nikakikausha."

"Na ukaandika nini?"

"Nikaandika kinafaa."

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mdogo, hana ubaya wowote, akauliza, "Lakini kwa nini, babu? Kwa nini hukukitazama kwanza?"

Nilijua atakachosema: kanuni, utaratibu, vifaa. Alisimama ameegemea bakora.

"Kwa sababu aliyeniletea habari alikuwa mwanamke wa mtaani kwetu," akasema. "Hakusoma. Niliona haya afahamu kitu kabla yangu."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyejua kama apige. Katika miaka yote ile lilikuwa neno la kwanza la kweli nililomsikia akilisema juu ya nafsi yake, na lilinikuta sina pa kuliweka. Nilikuwa nimekwenda pale na dharau yangu imetimia, haina tundu. Kwa muda wa robo saa, nakiri, ilivuja.

Kikao kilipokwisha waliomleta walikuwa wametawanyika kwenda kula. Nikamkuta amesimama peke yake kwenye ngazi, akigusagusa kidato kwa bakora. Nikamshika mkono, nikamshusha, nikamsimamishia tuktuk. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mkavu, safi. Alipokwisha kukaa alinigeukia.

"Yule binti," akasema. "Mkono wake waonaje?"

"Ashika sindano," nikasema. "Vidole viwili havikunjiki. Adarizi, lakini pole pole. Maharusi hawamngoji tena, ashona sare za shule."

Alikuwa akitikisa kichwa, akinisikiliza kwa makini, na uso wake ukaanza kupata nuru ya faraja.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi tuliwahi."

"Hatukuwahi, Mkuu," nikamwambia, nikamwashiria dereva aende.